Weka hizo doksi chini kwanza, ndipo tuongee

Usimeze. Kama umeshika kidonge mkononi huku unasoma hapa ukisubiri watu wakupe baraka, kirudishe kwenye pakiti.

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili nikatokwa na jasho. Unasema uko wiki ya 3 kwenye isotretinoini, vile vidonge vya chunusi sugu, uso umechafuka kuliko ulivyoanza, na kwenye droo umekuta doksisaiklini (doksi, ile antibiotiki ya chunusi) zilizobaki za mwaka jana. Sasa unataka kuzimeza pamoja "siku chache tu" uso upoe. Ukaongeza na swali la midomo. Nitafika huko. Hili la doksi haliwezi kusubiri foleni.

Jibu ni hapana. Na wale wawili waliokujibu hapo juu kwamba "mimi nilichanganya na sikufa", nawapongeza kwa kutokufa.

Mimi nilifanya hicho hicho. Nilikuwa na miaka 23, nina zile chunusi za ndani kwa ndani, zinazouma hata ukiegemeza shavu kwenye mto, kuanzia usoni mpaka mgongoni. Doksi nilishazimeza karibu miezi 4. Zilituliza nusu, kisha chunusi zikarudi na ukoo wao wote. Daktari wa ngozi akaamua kunipandisha kwenye isotretinoini, miligramu 40 kwa siku, nikiwa na kilo 60. Akasema sentensi moja ambayo ningeisikia vizuri leo nisingekuwa na hadithi: "Doksi unaacha leo, hizi unaanza kesho."

Nikaelewa kwamba doksi zimeshindwa kazi, zimefukuzwa. Haikunijia kabisa kwamba anaziondoa kwa sababu hizo mbili hazitakiwi kukutana. Inawezekana alieleza. Kichwani mimi nilikuwa nishafika mwezi wa 6, uso laini, napiga picha bila kutafuta kivuli. Na ile karatasi ya ndani ya boksi, iliyokunjwa mara 16 kama ramani ya hazina, imeliandika jambo hili waziwazi. Nilikuja kuisoma nikiwa nimelazwa.

Wiki ya 3 ikaja kama ilivyokuja kwako. Uso ukalipuka. Chunusi juu ya chunusi, nyingine sehemu ambazo sikuwahi kuota maishani, hata nyuma ya sikio. Kuwaka huku kwa mwanzo kunajulikana, hakumpati kila mtu, na wengi kunatulia kwenyewe dawa ikiendelea. Kukizidi sana, aliyekuandikia ana njia zake: anaweza kushusha dozi, anaweza kukupa steroidi (dawa kali za kupoza wekundu na uvimbe) za kumeza kwa muda mfupi, anaweza kusimamisha kidogo. Neno kubwa hapo ni "aliyekuandikia". Mimi simu ya kliniki nilikuwa nayo. Niliona aibu kupiga kwa ajili ya chunusi, ugonjwa ambao ndio ulionipeleka kwake.

Badala yake nikamfuata jamaa mmoja mtandaoni, mshauri wa ngozi kwa kujitawaza, ana wafuasi wengi na uso kama yai. Nikamtumia picha. Akanijibu ndani ya dakika 5, na hiyo ndiyo ingekuwa dalili ya kwanza: mtu anayetatua ngozi yako kwa dakika 5 hajakuuliza chochote. Akaandika, nayakumbuka maneno yake mpaka koma: "Isotretinoini inakausha, doksi inapoza, zikikutana chunusi haina pa kukimbilia." Angalia ilivyokaa vizuri hiyo sentensi. Ina mizani. Unaweza kuipigia makofi. Na mimi nilikuwa na vidonge 20 vya doksi kwenye droo, kwa hiyo hata kwa mfamasia sikupita, mtu pekee ambaye pengine angeniuliza "hizi na zipi?"

Hapa ndipo uchungu wangu ulipo, kwa hiyo vumilia nirefushe.

Siku ya 9 hivi tangu nianze kuchanganya, nikaamka na kichwa. Kichwa kinachoniuma kabla sijafungua macho, kinazidi nikilala chali, kinazidi nikiinama kufunga kamba za viatu, kinazidi nikikohoa. Nikameza paracetamoli, ni kama nimemwagia maji jiwe. Siku mbili baadaye nikaanza kusikia mapigo ya moyo sikioni, vuu, vuu, kama mtu anapiga deki chumba cha pili. Usiku nikamwambia mdogo wangu wa kulala naye chumba kimoja anyamaze na hilo dekio. Alikuwa amelala.

Kisha macho. Nikisimama ghafla kila kitu kinaingia ukungu wa kijivu sekunde chache, halafu kinarudi. Nikamwandikia mshauri wangu. Jibu: "Hiyo ni sumu inatoka mwilini, kunywa maji mengi." Nikanywa. Nilikunywa maji wiki ile mpaka nadhani samaki walinionea huruma.

Katikati ya hayo nikaenda kliniki kwa kipimo cha damu, kwa sababu dawa hii inaweza kupandisha mafuta kwenye damu na kusumbua ini, hivyo wanafuatilia. Daktari akaniuliza swali la kawaida kabisa: "Kuna dawa nyingine unatumia?"

Nikasema hapana.

Nimelitafakari "hapana" lile miaka mingi. Sehemu ni aibu. Sehemu nyingine ni ujinga wa kipekee: kichwani kwangu doksi hazikuwa "dawa nyingine". Zilikuwa dawa zake yeye mwenyewe, alizoniandikia mwaka uliopita! Nikaona sijadanganya. Akauliza na maumivu ya kichwa, nikasema kidogo, labda usingizi. Akaniambia yakiendelea nirudi haraka. Alikuwa amenifungulia mlango mara mbili, mimi nikaurudishia mara mbili.

Siku tatu baadaye nashuka ngazi, nikaona ngazi mbili. Nikakanyaga ile isiyokuwepo.

Hospitalini walianza na kifundo cha mguu, maana ndicho kilichokuwa kinapiga kelele. Nilipotaja kuona vitu viwili viwili, sura zikabadilika. Daktari wa macho akanimulika muda mrefu, akanyamaza, akamwita mwenzake naye anyamaze. Mishipa ya fahamu ya macho ilikuwa imevimba kwa nyuma. Ndugu yangu, ukisikia hivyo na kichwa kinakuuma wiki mbili, unajua wanatafuta nini. Nikapigwa picha ya kichwa kuangalia kama kuna uvimbe ulioota kwenye ubongo. Zile saa za kusubiri majibu ndizo nilizoacha kujali chunusi kwa mara ya kwanza tangu nibalehe. Uvimbe haukuwepo. Wakanichoma sindano ya mgongoni kupima maji ya uti wa mgongo, shinikizo liko juu. Kwa lugha rahisi: shinikizo ndani ya fuvu lilikuwa limepanda na kubana mishipa ya macho kana kwamba nina uvimbe, ilhali sina.

Wakauliza tena dawa. Nikaanza "hapana" yangu ya mazoea. Mdogo wangu, Mungu ambariki, akaweka pakiti ya doksi mezani.

Daktari alinielezea hivi, na nakupa bure. Isotretinoini ni ndugu wa vitamini A. Vitamini A ikizidi mwilini inaweza kupandisha shinikizo la kichwani. Wasafiri wa ncha ya kaskazini waliokula ini la dubu wa barafuni, lililojaa vitamini hiyo, waliugua kichwa kikali na ngozi ikabambuka. Doksi nayo, pamoja na ukoo wake wote wa tetrasaiklini, inaweza kufanya hivyo hivyo ikiwa peke yake. Haitokei kwa kila mtu. Ukiziweka pamoja umewaita watu wawili kusukuma mlango mmoja. Isotretinoini iko sokoni Marekani tangu 1982, ilipoanza kuuzwa kwa jina la Accutane, na katazo hili si habari mpya. Mimi tu ndiye niliyekuwa mpya.

Zote mbili zikasimamishwa siku ile ile. Nikapewa asetazolamidi ya kushusha shinikizo. Vidole vikawa vinachonyota na soda ikawa na ladha ya msumari. Nikasota na vipimo vya macho miezi kadhaa, kile cha kubonyeza kitufe ukiona nukta ya mwanga. Uoni ulirudi karibu wote. Jicho la kushoto, pembeni kwa chini, kuna kiraka ambacho hakikurudi. Ukinipa mkono kutokea upande huo utadhani naringa.

Na gharama nyingine ambayo watu hawaifikirii: niliipoteza dawa yenyewe. Nilikuwa nimefika wiki ya 7. Madaktari wengi huhesabu jumla ya miligramu 120 mpaka 150 kwa kila kilo ya mwili kwa tiba nzima. Kwa kilo zangu 60 ni angalau miligramu 7,200, yaani kwa 40 kwa siku ni siku 180. Nilimeza za siku 46. Dawa ilikuwa imeanza kushika kifuani, nilikuwa naiona, na baada ya hapo kila daktari anayesoma faili langu anafunga mjadala. Nina chunusi mpaka leo. Nimeungua nyumba nikijaribu kuua panya.

Mshauri wangu? Nilimwandikia kutoka wodini. Akajibu: "Kila mwili unapokea tofauti." Halafu akanifungia nisimwone. Juzi nimeonyeshwa kwamba anauza "mpango wa ngozi" wa wiki 12. Sitamtaja, lakini ikiwa sentensi yako ya kuchanganya ili "uso upoe" umeitoa kwa mtu mwenye uso kama yai, tumeshajuana.

Kwa hiyo nina sheria moja, na nitaiandika kwenye kila uzi wa isotretinoini mpaka mnichoke: hakiingii kitu mdomoni wala usoni kabla aliyekuandikia hajakijua kwa jina. Siyo doksi tu. Vidonge vya vitamini A, au vile vya "nywele na kucha" ambavyo vitamini A imejificha humo, usiongeze. Krimu ya retinoidi (nayo ni ukoo wa vitamini A) uliyobakiza, uliza. Krimu ya steroidi aliyokuazima rafiki kwa sababu "inang'arisha", usiguse kabisa. Hiyo nayo huzaa chunusi zake. Kunyoa kwa nta na kuparuza ngozi, ngozi yako sasa ni karatasi, na tahadhari huendelea miezi 6 baada ya kumaliza. Piga picha kila pakiti iliyoko kwenye droo yako, mwonyeshe. Usimsimulie kwa kumbukumbu. Kumbukumbu yangu ilisema hapana.

Na sheria hiyo ina upande wa pili: hakitoki kitu kwako pia. Dada au rafiki akiona uso wako unanyooka akaomba "viwili tu vya kujaribu", mnyime hata akununie. Mimba ikikutana na dawa hii, hata kwa siku chache, mtoto anaweza kuharibika vibaya: ubongo, moyo, sura. Ndiyo maana wanawake hupimwa mimba na kutakiwa kujikinga kuanzia mwezi mmoja kabla mpaka angalau mwezi mmoja baada ya tiba, na Marekani tangu 2006 kuna mpango mzima, iPLEDGE, unaowaandikisha mgonjwa, daktari na famasi kwa ajili hiyo tu. Damu pia usichangie mpaka mwezi upite baada ya kidonge cha mwisho.

Midomo: mafuta mazito yasiyo na harufu, vaselini ya kawaida inatosha, paka kabla haijakauka na usibandue magamba. Ulichoka kusikia habari ya midomo? Subiri wiki ya 5, utaelewa kwa nini nilikuwa nacheka bila kufungua mdomo. Na kama isotretinoini unaimeza tumbo likiwa tupu, nyingi inapotea bure. Hizi za kawaida zinataka chakula chenye mafuta.

Ulisema pia kichwa "kinagonga kidogo asubuhi", umekitupia mwishoni kabisa kama nyongeza. Hicho nimekisoma mara tatu. Kinazidi ukilala? Ukiinama? Macho yanafifia ukisimama? Kama hata moja ni ndiyo, funga hii simu, usimeze kingine, nenda leo ukaangaliwe nyuma ya jicho. Na pakiti ya doksi uliyosema imebaki ya mwaka jana: ilikuwa na vidonge vingapi, na sasa hivi vimo vingapi? Hesabu, uniandikie hapa hapa.