Jibu: Mayai yana ganda laini na kuku wanayala

Habari ndugu. Umesema mitetea yako imeanza kutaga, ganda ni laini kama ngozi, na sasa wanayadonoa mayai wenyewe. Kabla hujanunua dawa yoyote, soma mfuko wa chakula. Kama bado unawapa cha kukuzia, tatizo ni hilo: kina kalisiamu, madini yanayojenga ganda, karibu asilimia 1, na kuku anayetaga anahitaji 3.5 hadi 4. Hamia chakula cha kutagia, usikichanganye na pumba ili kubana matumizi. Pembeni weka chombo cha makombe ya baharini yaliyopondwa, kila kuku ale kwa kiasi chake. Mimi huyajaza jioni, maana ganda hujengeka zaidi usiku.

Kuhusu kudonoa, okota mayai mapema na urudie mchana, viota viwe na kivuli na maranda ya kutosha. Kukata midomo sikushauri kabisa, ni kumtesa kuku bure.

Yai moja moja laini mwanzoni mwa utagaji lisikutishe. Ila wakipiga chafya au kukoroma, huenda ni ugonjwa, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Wana umri gani, na wamechanjwa kideri (mdondo)?