Kali au Chungu? Maswali Yenu ya Chai ya Majani, Kigoma na Tabora

Wiki hii kahawa tunaiweka pembeni, najua wazee wa baraza kule Ujiji watanuna. Maswali ya chai yamejaa, na mengi yanauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: ni nini hasa kinachoharibu chai, majani, maji, moto au muda? Twende nayo.

Chai ninayopika alfajiri wateja wanaisifu. Ikifika saa tatu wanasema inakwaruza ulimi, na majani ni yale yale. (Mama lishe, Kibirizi)

Mama, pole na kazi. Majani hayana kosa, ila umeyaacha humo ndani.

Majani tunayonunua madukani, yawe yametoka Mufindi, Njombe au Rungwe, mengi yamepitishwa kwenye mashine inayoyasaga, kuyachana na kuyaviringisha hadi yawe punje. Punje ndogo haina siri: dakika tatu au nne kwenye maji ya moto, rangi, harufu na nguvu vimeshatoka karibu vyote. Kinachozidi kutoka baada ya hapo ni tanini, ile inayokausha mdomo na kufanya mtu aombe kijiko cha nne cha sukari. Birika lako likikaa pembeni ya mkaa toka saa kumi na moja, wewe unadhani limetulia, kumbe bado linapika.

Fanya hivi. Pika, hesabu dakika nne, chuja yote kwa mpigo, mimina kwenye chupa uliyoisuuza kwa maji ya moto. Majani yatupe. Ile tabia ya kuongeza maji juu ya majani ya zamani kisha kurushia kiganja kimoja kipya ndiyo inayokuponza: uchungu wa zamani unabaki na nguvu mpya haitoshi. Ni afadhali upike sufuria ndogo mara mbili kuliko kubwa moja ya kutwa.

Na wateja wakitaka kali zaidi, ongeza majani, usiongeze dakika. Kwangu mimi hili ndilo la kwanza kabla ya yote yanayofuata. Watu wengi hubana majani kwa sababu ya bei, halafu hulipia kwa kuchemsha muda mrefu, na wanachopata ni chai chungu isiyo kali.

Kwenye pakiti wameandika kijiko kimoja kwa kikombe. Kijiko kipi, mwandishi? (Mwalimu, Urambo)

Swali la mwalimu kweli. Kijiko kinapima ujazo, na majani hayalingani uzito. Jaza kijiko cha vumbi la chai, kisha kingine cha majani makubwa yaliyojikunja: cha vumbi kitakuwa kizito zaidi, pengine karibu mara mbili. Ndiyo maana mtu anabadilisha aina ya majani, anabaki na kijiko kile kile, kisha analalamika.

Anzia gramu 2 hadi 2.5 kwa kikombe cha mililita 200. Huna mizani? Hesabu pakiti yenyewe: ya gramu 50 ikupe vikombe 20 hadi 25 vya namna hiyo. Ikikupa 40, unakunywa maji ya rangi. Ikikupa 10, una mkono mzito.

Utasikia pia kuhusu kiwango cha kimataifa cha waonjaji, ISO 3103, kilichotoka mwaka 1980: gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, dakika 6. Usikipeleke nyumbani. Kimewekwa ili chai mbalimbali zilinganishwe kwa masharti sawa na kasoro zionekane, na kikombe chake ni kikali mno kwa mtu anayetaka tu kushushia andazi.

Ukianza kujaribu, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukipunguza majani na kuongeza muda siku hiyo hiyo, hutajua kipi kimekusaidia.

Mwanangu, chai ya rangi hapa Ujiji inatoka nyeusi, haing'ai, na ikipoa inafanya utando juu. Kwa binti yangu Tabora, pakiti ile ile, inatoka nyekundu safi. (Mzee, Ujiji)

Shikamoo mzee. Hapo umegusa penyewe, na wengi hawaliwazi kabisa: ni maji.

Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, lakini unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengine huondoka kwa mvuke, na madini yanabaki ziwani miaka nenda rudi. Matokeo yake maji yetu yana umagadi fulani: pH yake ni karibu 9, wakati maji yasiyo na asidi wala magadi ni 7. Chai kwenye maji ya namna hiyo huwa nyeusi na kufifia, na madini yakikutana na vitu vya kwenye majani ndipo utando unapotokea. Binti yako, kama anatumia bomba la mjini, anapikia maji yaliyoletwa kutoka Ziwa Victoria, ambayo ni laini zaidi.

Jaribu mwenyewe, mzee. Mimina kikombe chako cheusi, kamulia matone mawili ya limau, utazame. Rangi inafunguka hapo hapo, inakuwa kama ya kahawia yenye wekundu. Limau kwenye chai ya rangi tu lakini, ukilitia kwenye ya maziwa yataganda. Masika, kinga maji ya mvua baada ya paa kuoshwa na mvua za mwanzo, uyachemshe vizuri. Utadhani umebadilishiwa pakiti.

Tabora tuko juu. Ni kweli maji yetu hayafiki nyuzi 100? (Kijana, Tabora mjini)

Kweli. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemkia karibu nyuzi 96. Kigoma, pale ufukweni, ni 97 na kidogo. Kwa chai nyeusi, yaani haya majani yetu ya kawaida, tofauti hiyo haina maana yoyote. Joto kubwa zaidi unalipoteza kwa kumimina maji kwenye birika la baridi, au kwa kuyaacha yapoe huku unatafuta chujio. Chai ya kijani ndiyo inayotaka maji yaliyopoa, nyuzi 70 hadi 80, dakika mbili au tatu. Kama uliletewa zawadi ukaichemsha sufuriani ukaona chungu kama dawa, sababu ni hiyo.

Nikitia tangawizi kwenye chai ya maziwa, maziwa yanakatika. Maziwa mabovu? (Dada, Kasulu)

Hapana, dada. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na moto mkali unakiua. Itwange, ichemshe kwenye maji peke yake dakika tano, kisha tia maziwa, na yakichemka tia majani. Iliki na mdalasini viende na tangawizi mwanzoni. Majani yawe ya mwisho kuingia na ya kwanza kutoka. Kwa ya maziwa ongeza majani kidogo, maana protini ya maziwa hushika tanini na kuilainisha chai.

Asali badala ya sukari? (Sikonge)

Mtu wa Sikonge ananiuliza mimi habari za asali! Tia, lakini asali nyeusi ya miombo ina ladha nzito, itaifunika chai nyepesi. Ipe chai kali ya rangi.

Chai yangu inanuka dagaa. (Mwanga, Kigoma)

Majani makavu hunyonya harufu upesi sana, na unyevu pia. Angalia duka unaponunulia: kama mfuko wa majani uko wazi na gunia la dagaa wakavu liko chini yake, umepata jibu. Nunua pakiti iliyofungwa, nyumbani hamishia kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, liweke mbali na viungo, sabuni na mafuta ya taa. Yaliyokwisha kunuka hayasafishiki, usijisumbue kuyaanika.