Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Heliamu au Mafundi Kwanza?

SWALI: Idara yetu ya fizikia imeongeza wahadhiri na wanafunzi wa uzamili. Sasa chuo kimetutengea fedha za maabara ya halijoto za chini. Tununue mara moja mashine ya kugeuza heliamu kuwa kimiminika, au kuna cha kutangulia?

JIBU: Tangulizeni mafundi. Mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes alipewa uprofesa Leiden, Uholanzi, mwaka 1882, lakini heliamu ya kimiminika aliipata Julai 1908. Katikati hapo, mwaka 1901, alianzisha shule ya kufundisha vijana kutengeneza vifaa vya maabara. Hivyo mwaka 1911 ukinzani wa umeme wa zebaki ulipoonekana kutoweka kwenye kelvini 4.2 hivi (takriban nyuzi -269 za Selsiasi), ulionekana kwake. Maabara nyingine haikuwa na heliamu ya kimiminika.

La pili ni mabomba ya kurudisha gesi, na hapa ndipo idara nyingi hubana matumizi pasipofaa. Lita moja ya heliamu ya kimiminika ikichemka hutoa takriban lita 700 za gesi. Ikitoka dirishani, imekwenda. Kila chumba kiwe na bomba linaloipeleka kwenye mfuko mkubwa, kisha kompresa iishindilie kwenye mitungi. Kiungo kimoja kikilegea, hewa huingia. Nitrojeni na unyevu huganda kwenye shingo ya chombo cha heliamu na kuiziba, huku heliamu ikiendelea kuchemka chini. Mgandamizo hupanda hadi chombo kipasuke. Wekeni valvu mbili za usalama kwenye njia tofauti, na fundi akague shingo mara kwa mara.

Chumba cha nitrojeni ya kimiminika kifungwe king'ora cha oksijeni kinacholia ikishuka chini ya asilimia 19.5. Kipimio kikae karibu na sakafu, maana mvuke baridi wa nitrojeni hutambaa chini na kuisukuma oksijeni.

Kama watumiaji ni wawili watatu tu, achaneni na kimiminika kabisa. Nunueni kipozeo cha mzunguko uliofungwa, kinachotumia gesi ileile miaka nenda rudi. Kompresa yake hula takriban kilowati 7 na hutaka maji ya kupozea yasiyokatika. Yakisimama hujizima, na kipimo cha siku tatu huharibika. Pia kipozeo hutikisika zaidi ya mara moja kila sekunde, kwa hiyo sampuli ya vipimo nyeti iunganishwe nacho kwa nyaya laini za shaba zilizosukwa, si kwa kipande kigumu.