Kiti cha mtoto kinayumba, na gari letu ni dogo

SWALI: Mwanetu wa kwanza ana miezi mitano. Gari letu ni dogo, na watu watatu wakikaa nyuma hubanana. Tumenunua kiti cha mtoto cha kutazama nyuma, lakini nikikifunga nyuma ya dereva, mume wangu hulazimika kusogea mbele hadi magoti yake yaguse dashibodi. Nikikiweka katikati, kinayumba hata nikivuta mkanda kwa nguvu zangu zote. Wifi yangu ananishauri nikiweke mbele ili nipate kumwona mtoto. Nifanyeje? – Mama wa Mmoja

JIBU: Mama, naomba nianze na ushauri wa wifi yako, kwa kuwa najua umetolewa kwa mapenzi, lakini unaweza kuleta madhara yasiyorekebishika. Ndani ya dashibodi, mbele ya abiria, magari mengi huwa na mfuko wa hewa ambao gari likigonga hufumuka kwa nguvu kubwa, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mfuko huo umekusudiwa kukinga kifua cha mtu mzima aliyekaa mbali nao. Kiti cha kutazama nyuma kikiwekwa hapo, mgongo wake hukaribia kabisa dashibodi, na mfuko unapofumuka hukipiga upande ule ule ambao kichwa cha mtoto kimeegemea. Kwa hiyo kiti cha kutazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ikiwa gari lako halina mfuko huo, au lina swichi ya kuuzima na umehakikisha umezimwa, soma kwanza vitabu vya maelekezo vya gari na vya kiti kama vinaruhusu; hata vikiruhusu, nyuma bado ndiko kwenye usalama zaidi.

Sasa turudi nyuma. Huenda umesikia kwamba katikati ndipo mahali bora, na maneno hayo yana msingi, kwa sababu katikati ni mbali na milango yote miwili endapo gari litagongwa ubavuni. Lakini katika magari mengi madogo sehemu hiyo ni nyembamba na imeinuka kama tuta, na kitako cha kiti cha mtoto hakipati pa kutulia. Kiti kilichokazwa barabara pembeni ni salama kuliko kinachoyumba katikati, na kwa maelezo yako nakushauri ukifunge nyuma ya abiria wa mbele.

Fanyeni hivi: mume wako akae kwanza kwenye usukani kama anavyoendesha kila siku, kifua chake kikiwa umbali usiopungua sentimita 25 kutoka katikati ya usukani, na nafasi hiyo isiguswe tena. Kiti cha abiria ndicho kitakachosogezwa mbele kumpisha mtoto. Ikiwa baada ya hapo wewe huwezi kukaa mbele bila kuikaribia mno dashibodi, kaa nyuma kando ya mwanao, na ile hamu ya kumwona itakuwa imetimia. Angalia pia katika kitabu cha kiti kama mgongo wake unaruhusiwa kugusa kiti cha mbele, kwa sababu watengenezaji wengine wanaruhusu na wengine wanataka ibaki nafasi.

Lipo jambo jingine linaloweza kukupa nafasi zaidi, nalo wengi hawalijui. Mtoto mchanga hulazwa kwa mwinamo wa karibu nyuzi 45, kwa kuwa kichwa chake kikianguka kifuani njia ya hewa huweza kuziba. Wa miezi mitano aliyekwisha kukaza shingo anaweza kukaa wima kidogo zaidi, mradi kiti chenyewe kina kiwango hicho katika mistari au kipimo kilicho ubavuni, na kiti kilicho wima hula nafasi ndogo kati yake na kiti cha mbele. Pima gari likiwa kwenye ardhi tambarare. Likiwa mteremkoni, kipimo kitakudanganya.

Kuhusu kuyumba, chunguza kwanza njia ya mkanda. Kiti kinachoweza kutazama pande zote mbili huwa na njia mbili za kupitishia mkanda wa gari. Kwa viti vingi ya kutazama nyuma huwa na alama za buluu, na ya kutazama mbele alama nyekundu. Pitisha mkanda bila kuusokota, uufunge, kisha weka goti au kiganja ndani ya kiti na ukandamize kwa uzito wa mwili wako huku mkono mwingine ukivuta mkanda wa bega kuondoa ulegevu wote, kwani mikono peke yake haitoshi. Katika magari mengine mkanda ukivutwa wote hadi mwisho hujifunga na kurudi tu bila kutoka tena; katika mengine kiti chenyewe huwa na kibanio chake. Angalia pia kifungio cha mkanda kimelalia wapi. Kikilalia ukingo wa plastiki wa kiti cha mtoto, mkanda hautakaza hata ukiuvuta mchana kutwa, na dawa yake ni kuhamia nafasi nyingine.

Ukimaliza, shika kiti pale mkanda unapopita na ukitikise kwa mkono mmoja: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5, mbele wala pembeni. Nilipofunga kiti cha mwanangu wa kwanza nilikuwa nikitikisa upande wa kichwani, nikaufungua mkanda na kuufunga upya mara nne kwa hofu, kumbe upande huo wa kiti cha kutazama nyuma hucheza kidogo hata kilipofungwa sawasawa. Ulegevu tunaouogopa ni wa pale kwenye mkanda. Gari linaposimama ghafla, kiti kilichokazwa husimama pamoja nalo, lakini kilicholegea huendelea na mwendo ule ule mpaka ulegevu uishe, ndipo kisimame kwa mshtuko mkali zaidi, na mshtuko huo huishia kwenye shingo ya mtoto.

Pengine gari lako lina ISOFIX, yaani vitanzi viwili vya chuma katika mfereji kati ya kitako na mgongo wa kiti cha nyuma. Ikiwa kiti cha mtoto kina ndoano zake, zisukume mpaka uzisikie zikilia na alama ya kijani ionekane. Usiongeze mkanda wa gari juu yake isipokuwa kitabu kimesema hivyo. Kiti chenye mguu wa kuegemea sakafuni kisiwekwe mahali penye kisanduku cha kuhifadhia vitu chini ya sakafu kabla hujasoma kitabu cha gari, kwa sababu kifuniko chake kinaweza kubonyea.

Mwisho ni mikanda ya mtoto mwenyewe. Akitazama nyuma, itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Ikaze, kisha jaribu kuufinya mkanda kwa vidole viwili penye mtulinga. Ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea. Mvue sweta nene kabla ya kumfunga na umfunike baadaye, kwani unene wa nguo hubonyea katika ajali na kuacha mkanda ukining'inia.

SWALI: Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, na miguu yake imefika kwenye mgongo wa kiti cha gari. Je, nimgeuze atazame mbele?

JIBU: Miguu si kipimo, mtoto huikunja mwenyewe na hutulia. Kipimo ni uzito na urefu vilivyoandikwa kwenye kiti, na kichwa, ambacho katika viti vingi kinapaswa kubaki angalau sentimita 2.5 chini ya ukingo wa juu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inataka mtoto atazame nyuma hadi apite miezi 15, na hicho ni kiwango cha chini tu. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa mwili wake na shingo haijakomaa. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti hupokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Mwache hivyo mpaka kiti chenyewe kimshinde.

SWALI: Nimepewa kiti kilichotumika. Nikiamini?

JIBU: Kiamini ikiwa unamfahamu aliyekitumia na amekuhakikishia kwamba hakijawahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali, lebo yake inasomeka, kitabu chake kipo na muda wake wa matumizi, kama umeandikwa, haujapita. Nyufa za ndani hazionekani kwa macho. Ukikosa uhakika huo usikitumie, na kabla ya kukitupa kata mikanda yake, asije mwingine akakiokota na kumkalisha mwanawe.