Ukirudi kufuga nyoka, anza na panya

Chumba changu cha nyoka nilikifunga mwaka 2016. Wakati huo nilikuwa naishi Pasua, Moshi, nikizalisha nyoka wa nyumba, aina ya nyoka wasio na sumu, kwa kibali, na wengi walikuwa wanaenda kwa wafugaji wa nje. Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, soko langu likakatika palepale. Nyoka nikamkabidhi mtu mwenye bustani ya wanyama iliyosajiliwa, matangi ya vioo nikayauza, maisha yakaendelea. Miaka minane baadaye, nikiwa na mume, watoto wawili na nyumba Ngaramtoni, Arusha, nikarudi. Safari hii si kwa biashara. Nilikuwa nimewakumbuka mno.

Kama na wewe unawaza kurudi, jihadhari na kumbukumbu zako. Mimi nilichokuwa nakumbuka ni siku ya kuanguliwa: yai linachanika kwa mstari mwembamba kama limekatwa na wembe, pua inachungulia, povu dogo la ute linatoka na kurudi kwa kila pumzi, na kitoto kinakaa hivyo hivyo kutwa nzima kabla ya kuamua kutoka. Hilo halinitoki. Nilichosahau ni panya.

Nilinunua nyoka kwanza, panya nikawaweka baadaye, majike wanne kwenye beseni lenye wavu juu. Nikaona watatosha. Fanya hesabu na mimi. Nyoka wa nyumba akishakua anakula panya mmoja kila wiki au kila siku kumi, hapo hakuna tatizo. Lakini vitoto kumi vya nyoka, kila kimoja kikila kitoto kimoja cha panya kila siku ya tano, vinataka vitoto 60 kwa mwezi. Panya anabeba mimba kama siku 20, anazaa sita hadi kumi, na wengine inabidi uwaache wakue wawe mbegu na chakula cha nyoka wakubwa. Halafu panya mwenye wasiwasi hula watoto wake. Wanangu walikuwa wanafunua beseni kila wakirudi shule, na kwa muda wa wiki mbili nilipoteza uzao wa majike wawili. Nilijikuta nimepanda daladala hadi Tengeru kumwomba mfugaji mwenzangu vitoto vya panya, nikarudi nimevishika magotini ndani ya kikopo cha siagi kilichotobolewa mfuniko, vya siku mbili, vyekundu, havina hata unyoya. Nauli ya kwenda na kurudi, kwa mlo wa siku moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujaleta nyoka hata mmoja, fuga panya miezi mitatu. Waweke mahali pa giza na utulivu, wape chakula cha vifaranga na pumba, mimi pumba nanunua soko la Kilombero. Panya wakishindikana kwako, na nyoka watashindikana. Na nyoka mpe panya aliyekwisha kufa. Panya mzima ukimwacha usiku kwenye tangi la nyoka asiye na njaa, ndiye atakayemng'ata nyoka, na jeraha la mgongoni huchukua muda mrefu kupona.

Kibali nacho kisichukuliwe kwa wepesi kwa sababu tu ulikuwa nacho zamani. Nenda ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, uliza utaratibu wa sasa, anza upya. Nyoka wa porini ni mnyamapori kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama umemkuta kwenye banda lako la kuku. Usimwokote. Mbali na sheria, wa porini huja na kupe na minyoo, na wengi hukataa kula wakiwa kifungoni. Chukua waliozaliwa kwa mfugaji mwenye kibali.

Sasa joto, na hapa ndipo nilipoumia.

Pasua ni kwenye joto. Mayai nilikuwa nayaweka kwenye boksi la plastiki juu ya kabati, balbu ndogo pembeni, basi. Nilikuja Ngaramtoni na mazoea hayo hayo, kwenye mteremko wa Meru, mwezi wa saba, wakati ambao asubuhi unaona pumzi yako. Jike wangu alitaga mayai 11, meupe, yameshikamana kama kichane cha ndizi. Kipimajoto nilikibandika kwenye mfuniko wa boksi. Kilisoma 28, nami nikalala usingizi. Wiki ya tatu nikaingiza kidole kati ya mayai, nikahisi ubaridi. Nikateremsha kipimajoto hadi usawa wa mayai: 23. Balbu ilikuwa inapasha hewa ya juu, chini mayai yanaganda. Kabla sijarekebisha vizuri, uniti za umeme za LUKU zikaisha usiku wa manane tukiwa tumelala, asubuhi nikakuta 18. Yai moja moja lilianza kubonyea, likawa la njano, likaota ukungu. Niliyatazama kila siku nikijua nimeyaua mwenyewe. Kati ya 11 nilipata vitoto vinne.

Siku hizi kipimajoto kinalala kando ya yai lenyewe. Mayai ya nyoka wa nyumba yanataka nyuzi 27 hadi 29, na huanguliwa kati ya siku 60 na 90 kutegemea joto. Natumia mkeka wa joto wenye themostati (kidhibiti joto), boksi nimelizungushia godoro kuukuu, na umeme ukikatika naweka chupa za maji ya moto ndani ya godoro, si ndani ya boksi. LUKU siachi ishuke chini ya uniti 20. Ndani ya boksi naweka vemikulaiti, chembe nyepesi za madini zinazoshika maji, ile wanayouza maduka ya pembejeo kwa wenye vitalunyumba, nailowesha kiasi kwamba ukiifinya mkononi inashikana lakini haidondoshi tone.

Jirani yangu anayefuga kuku alinionea huruma akataka kuniazima mashine yake ya kutotolesha. Nilimshukuru sana, lakini hiyo mashine usiikubali. Ya kuku inakaa kwenye nyuzi 37 na nusu, utayapika mayai. Tena inageuza mayai, na yai la nyoka halitakiwi kugeuzwa. Ndani yake kijusi kinajishika upande wa juu mapema, ukiligeuza unaweza kukiua. Likishatagwa weka alama ya penseli juu, na upande huo ubaki juu hadi mwisho. Yaliyoshikamana usiyabandue. Kumulika kwa tochi ya simu inaruhusiwa: yai lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu kama mizizi.

Kwa upande wa jike, kuwa na subira. Jike wa nyoka hawa ni mkubwa kuliko dume kwa mbali, anakubali dume akiwa bado mdogo, na anaweza kutaga mara kadhaa kwa mwaka. Kukubali kwake kusikudanganye. Jike mchanga hukwama mayai tumboni akafa. Mimi simpandishi aliye chini ya miaka miwili, na akishataga namtenga na dume mpaka uti wa mgongo usionekane tena. Akiwa na mimba ataacha kula, atajivua gamba, na wiki moja au mbili baadaye atataga, kwa hiyo ukiliona hilo gamba mwekee haraka kasha lenye majani yenye unyevu.

Mgeni yeyote akae chumba kingine siku 60. Dume wangu wa pili nilimwingiza moja kwa moja kwa sababu alionekana safi. Baada ya siku kumi niliona vidoti vyeusi vinaelea kwenye bakuli la maji, kama pilipili manga iliyosagwa. Utitiri. Nilifua, nilichoma matandiko yote, na ilinichukua miezi miwili kuumaliza.

Na watu wa nyumbani. Zamani nilikuwa peke yangu. Sasa mama mkwe huja kutoka Machame kila baada ya mavuno na kukaa mwezi. Alipoambiwa kuna nyoka ndani hakupiga kelele. Baada ya shikamoo na chai aliniita.

"Mwanangu, hicho chumba kina kufuli?"

"Kina, mama."

"Funguo anayo nani?"

"Mimi tu."

"Na wana sumu?"

Nikamweleza kwamba hawa hawana, wanakaba panya kwa kujizungusha, na nikamwonyesha picha: kahawia, na mistari miwili ya rangi ya maziwa kila upande wa kichwa. Alitaka watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakishika, nami namuunga mkono kabisa, nyoka hubeba bakteria wa salmonela. Mfikishie mwenye nyumba na jirani habari mapema, kwa mdomo wako. Na kama mikono imesahau kumshika nyoka, usijifunzie kwa nyoka usiyemjua. Nenda Meserani Snake Park, kilometa kama 25 kutoka Arusha mjini, kaa nusu siku uwaangalie wanaowashika kila siku. Mimi nilikwenda mara mbili kabla ya kuleta wangu.

Leo mayai tisa yako siku ya 52. Nimeyamulika jana usiku, yote yana mishipa. Panya majike 12 wako kwenye mabeseni matatu, yamefunikwa gunia ili watoto wasifunue, na saba kati yao wana mimba.