Kiwanja mita 20 kutoka Nyamwamba: usitoe hela bado

Ndugu, unauliza kama utapata ruhusa maalumu ya kujenga Kasese, Uganda, mita 20 kutoka Mto Nyamwamba, kwa kuwa muuzaji anakuonyesha hati ya ardhi. Usilipe kwanza.

Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu na kingo za mito zinataka mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwa mingine. Kwa hiyo umeshaingia ndani ya eneo la hifadhi kwa kipimo chochote. Kipimo chenyewe huanzia pale maji yanapofika yakijaa, si pale unapoyaona wakati wa kiangazi. Hati haikuokoi: Katiba ya 1995 inasema mito na ardhi oevu serikali inavishika kwa niaba ya wananchi.

Maombi ya matumizi ya kingo yapo, hupelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, lakini nyumba ya kuishi mtoni sioni ikipita, na sitaki ipite. Utasema utainua msingi. Nyamwamba haileti maji tu, inashusha mawe makubwa kutoka milima ya Rwenzori na kula kingo. Mwaka 2013 iliharibu hata hospitali ya Kilembe, na 2020 ikarudi.

Nenda ukaangalie alama za tope kwenye kuta za majirani, uwaulize wazee maji yalifika wapi. Kisha muone afisa mipango miji na afisa mazingira wa wilaya, wakupe jibu kwa maandishi. Neno la mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, si kibali cha ujenzi.