Anakataa kuguswa kidogo, anaomba kufinywa kwa nguvu: mwili wa mtoto unatafuta nini?

SWALI: Jambo docta. Niko na mutoto mwanaume wa miaka 6, tunakaa Majengo hapa Goma. Ukimugusa kidogo tu ku shingo anapiga kelele sawa umemuchoma, chemizi ya masomo anaililia kila asubuyi juu ya kola, kunyoa njo vita, mashini ya kusaga ya jirani ikiwaka anaziba masikio anaingia chini ya kitanda. Lakini huyo huyo anaruka toka juu ya ukuta ya makoro (mawe ya volkano), anajirusha ku matela (godoro), na usiku ananiambia "mama unifinye nguvu". Bibi yake anasema ni kiburi, ku kanisa banasema tumuombee. Namna gani mutu anaumia na kuguswa kidogo lakini anapenda kufinywa? Na hii njo otizimu (usonji)?

JIBU: Jambo mama, asanti kwa kueleza vizuri hivi. Nisahihishe kwanza, mimi si docta, niko kine, mtaalamu wa mazoezi ya tiba ya mwili, watoto ndio kazi yangu ya kila siku. Na hiyo swali yako ya kwanza wazazi wengi hawaiulizi, wanaona hapa analia pale anacheka wanasema basi anajifanya. Hajifanyi mama. Kuguswa kidogo na kufinywa hazifanani, ubongo unapokea habari mbili tofauti kabisa.

Kuguswa kidogo kunaishia kwenye ngozi na vinyweleo, na kazi moja ya vile vinyweleo ni kukuonya, kuna mdudu, kuna kitu kinatembea juu yako, ruka. Kufinywa kunaingia ndani, kunafika kwenye misuli na viungo, na mule ndani mna vipokezi vingine vinavyoambia ubongo mkono uko wapi, mguu uko wapi, umekaza kiasi gani. Masomoni tulifundishwa milango 5 ya fahamu tukaishia hapo, lakini hii ya misuli na viungo ni mlango mwingine, na kuna ya usawa wa mwili, ya kukuzuia usianguke, ambayo iko ndani kabisa ya sikio, na kuna ile inayokuambia una njaa, una mkojo, moyo unapiga. Kwa hiyo mtoto anaweza kuzidiwa kwenye mlango mmoja na kuwa na njaa kwenye mlango mwingine, siku moja, saa moja, na wako ni hivyo: ngozi na masikio vinamzidi, misuli inadai zaidi, njo maana ya kuruka ukuta na kujirusha kwenye matela.

Fikiria sentineli wa parseli, yule mlinzi wa kiwanja. Kuna anayepiga filimbi mwizi akiingia, na kuna anayepiga filimbi hata paka akipita. Wote wawili wanafanya kazi, lakini ukilala kwa huyu wa pili hutapata usingizi. Na sisi watu wa Goma tunaijua hiyo hali, kumbuka Mei 2021 baada ya Nyiragongo kutapika, zile siku ardhi ilikuwa inatetemeka usiku na mchana, mlango ukifungwa tu mtu mzima anaruka toka kitini. Sisi ilitupita. Mtoto wako anaishi hivyo na kola ya chemizi, kila asubuhi.

Tena kuna jambo moja la kukusaidia sana hapo nyumbani. Jaribu kujitekenya mwenyewe, hautacheka. Ubongo ukijua mguso unakuja, na unatoka kwa mkono wako mwenyewe, unaupunguza nguvu kabla haujafika. Mguso wa mtu mwingine, wa ghafla, wa nyuma ya shingo, haupunguzwi. Kwa hiyo usimguse kwa nyuma. Mwambie kwanza, "nakuja kukushika bega", halafu weka kiganja kizima, kizito, kitulie, usipapase kwa vidole. Kuoga mpe kitambaa ajisugue mwenyewe, hata akisahau masikio si kitu.

Mtu wa kwanza kuyaweka haya mambo pamoja alikuwa A. Jean Ayres, Mmarekani, mtaalamu wa ergoterapia (tiba ya kumsaidia mtu afanye kazi zake za kila siku), miaka ya 1960 na 1970. Lakini nikuambie kweli juu wako wanaouza matumaini: mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema hii hali isipewe jina la ugonjwa peke yake, na kwamba mazoezi yake yanaweza kutumika kama sehemu ya msaada lakini ushahidi wake bado mdogo. Mtu akikuomba pesa nyingi akuahidi "kuponya hisia", toka hapo.

Otizimu sasa. Tangu 2013 kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani wanatumia kinahesabu hizi hisia kali kati ya alama za otizimu, lakini alama moja haitoshi hata kidogo. Lazima kuwe na shida ya kuwasiliana na kuwa na wengine. Anakuangalia? Anakuletea kitu ili ukione pamoja naye? Anacheza michezo ya kujifanya, mara yeye motari (dereva wa pikipiki), mara mwalimu? Kama hapana, au alichelewa sana kusema, mpeleke kwa docta wa watoto. Kama ndiyo, watoto wengi wana hisia kali bila otizimu.

Kabla ya yote lakini, apimwe masikio. Sikio lenye usaha linafanya kelele iume, na nimeona mtoto aliyechapwa mwaka mzima kwa ajili ya sikio. Aangaliwe ngozi pia, upele unafanya nguo yoyote ichome. Na jiulize ilianza lini. Kama ni toka akiwa mdogo, alikuwa analia hata ukimvalisha kofia, hiyo ni namna mwili wake ulivyo. Kama ilianza ghafla baada ya usiku wa risasi au baada ya kukimbia nyumba, na anaota vibaya, anakojoa kitandani tena, hiyo ni hofu, anahitaji psikologi, na mji wetu una watoto wengi hivyo. Zote mbili zinaweza kuwa pamoja.

Chemizi: nunua ya mitumba, imeshafuliwa mara mia imelainika, fumua etiketi pamoja na uzi wake wote juu ule uzi ukibaki unachoma kuliko etiketi, ndani avae singleti laini ameigeuza mshono nje. Na kabla ya kuivaa, mpe misuli kazi. Hapa tuna bahati, kazi ziko tele: abebe kibido (kidumu) cha lita 2 toka kwa bomba (si cha 5, ana miaka 6), asukume chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) tupu na kaka yake, akamue nguo nzito. Dakika 10 hivi, akichoka aache. Ukuta wa makoro umkataze kabisa, yale mawe yanakata, mwekee matela chini aruke toka kwenye kiti.

Mashini ya jirani, ongea naye akuambie saa anazowasha, juu kelele unayoingojea haiumizi kama ya ghafla. Kanisani mkae mbali na bafle (spika), maombi yanafika hata ukikaa nyuma. Mwalimu umwombe amkalishe pembeni wenzake wasimguse kila wakipita, na ampe kazi ya kufuta tablo. Chakula haukutaja, ila kama anakataa sombe (majani ya muhogo) kwa ajili ya ulaini wake usimlazimishe, mwekee kidogo pembeni ya bugali, asipoigusa basi. Akianza kukonda, docta.

Usiku anapoomba umfinye, mfinye. Bibi anajua hii kazi kuliko mimi, ni yeye aliyewabeba ninyi mgongoni mmekazwa na kikwembe mpaka mnalala, mwulize kwa nini mtoto anayelia hutulia akikazwa vizuri. Blanketi iwe ile anayoweza kuitoa mwenyewe, uso usifunikwe.

Na kunyoa, usiende Jumamosi salo imejaa na muziki unapiga. Nenda Jumanne asubuhi, mwombe kinyozi awashe mashini mbali kwanza, mtoto aishike ikiwa imezima, halafu ikiwa imewaka, umkalishe kwenye magoti yako umkumbatie kwa kumkaza, na shingo iwe ya mwisho. Kama siku ya kwanza ni upande mmoja tu umenyolewa, funika na kofia mrudi kesho.